Uzi wa mwaka 2025: programu huria za kuunganisha mifumo, nini kimesogea na nani kashika funguo

Mzee wa Foleni (mleta mada)

Wakuu, habari za majukumu.

Mwaka 2025 umetuachia mengi sisi ambao kazi yetu ni kuufanya mfumo wa malipo uelewane na mfumo wa stoo, na wa stoo uelewane na ule wa wateja uliojengwa na mtu aliyeshaacha kazi. Kazi hii haina shukrani. Mambo yakienda hakuna anayejua upo, yakikwama simu haipumziki. Nimefungua uzi huu tuweke pamoja yaliyotokea upande wa chanzo huria: Kafka (mkondo wa matukio kati ya mifumo), Camel (ya kuandika njia za ujumbe kutoka mfumo mmoja hadi mwingine), RabbitMQ (foleni za ujumbe) na ndugu zao. Nitashusha kwa vipande, msiniwahi.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili anayetaka kupinga ajiandae. Hatua kubwa za mwaka huu zimekuwa za kufuta vitu vya zamani. Na swali lililowaumiza watu kuliko la uwezo wa programu ni hili: nani ana mamlaka ya kuifunga kesho asubuhi?

Naanza na Kafka maana ndiyo iliyofuta kitu kikubwa kuliko wote. LinkedIn waliiachia huru mwaka 2011, na kwa miaka mingi ilikuwa haitembei bila ZooKeeper, mfumo wa pembeni unaotunza kumbukumbu za klasta (kundi la seva zinazofanya kazi pamoja). Ukitaka klasta moja unaendesha mbili, kila moja na usalama wake, ufuatiliaji wake na usiku wake wa kukosa usingizi. Toleo la 4.0, lililotoka Machi 18, 2025, limeiondoa ZooKeeper moja kwa moja. Halikuja ghafla: KRaft, utaratibu wa ndani ya Kafka unaochukua nafasi ya ZooKeeper, ilitangazwa iko tayari kwa kazi halisi kwenye 3.3 mwaka 2022, ZooKeeper ikapewa taarifa ya kuondoka kwenye 3.5 mwaka 2023, na msumari wa mwisho ukapigwa mwaka huu. Hivyo ndivyo watu wazima wanavyofuta kitu.

Sasa watakaoumia ni hawa. Huwezi kuruka kutoka klasta yenye ZooKeeper hadi 4.0. Msimbo wa kuzungumza na ZooKeeper haumo tena, kwa hiyo hata ule wa kuhama haumo. Lazima upite mstari wa 3, na 3.9 ndiyo daraja la mwisho. Unawasha vidhibiti vya KRaft vikiwa na `zookeeper.metadata.migration.enable=true`, unawasha upya broka (seva za Kafka) moja baada ya nyingine, metadata (zile kumbukumbu za klasta) inanakiliwa, kisha kwa kipindi fulani inaandikwa pande zote mbili. Kipindi hicho ndicho usalama wako, maana mambo yakienda kombo bado unaweza kurudi ulikotoka. Ukishafunga hatua ya mwisho, hakuna kurudi. Ushauri wangu: usiwe na haraka ya kufunga. Kaa hapo, pitisha mzigo wa mwisho wa mwezi, angalia broka ikianguka inainukaje, ndipo ufunge.

Na kagueni programu-teja zenu, zile zinazotuma na kusoma ujumbe wa Kafka. 4.0 imeacha kuelewa lugha ya programu-teja zilizo chini ya 2.1, yaani za kabla ya mwisho wa 2018. Utashangaa ni ngapi bado zinapumua kwenye kona za kampuni.

Naendelea, nipeni muda.

chai_ya_rangi

Nimekaa siti ya mbele. Tiririka mkuu.

Kiraka

Mkuu, heshima kwako, lakini hapa napinga. "Kufuta ni maendeleo" ni wimbo wa anayetengeneza programu. Mimi ninayeitumia naona gharama tu. Broka za Kafka 4 zinataka Java 17. Camel 4 inataka Java 17. NiFi 2, ile ya kuhamisha data, ikaona hiyo haitoshi, ikataka 21. Bado kuna kadhia ya kubadili majina ya maktaba za Java kutoka `javax` kuwa `jakarta` kwenye kila faili. Nina mifumo ya Java 8 inayofanya kazi yake vizuri kabisa, na bosi akiniuliza mwaka mzima nimeongeza nini sina jibu zaidi ya "tumebaki tulipokuwa, ila kwa toleo jipya".

Ukiniambia kuna mapya niliyopata kwa maumivu hayo, nitakusikiliza.

Mzee wa Foleni

@Kiraka hoja yako ni nzito na siipuuzi. Gharama ni ya kweli, na inamwangukia asiyeichagua. Ila mapya yapo, nakupa moja linalonihusu kila siku.

Kwenye Kafka ya kawaida, ndani ya kundi moja la wasomaji, patisheni moja (kipande cha mkondo) inasomwa na msomaji mmoja. Una patisheni 12, basi msomaji wa 13 anakaa bure. Kazi zikiwa za kasi tofauti, mfano nyingine inachukua sekunde na nyingine dakika, ujumbe mzito mmoja unawazuia wote walio nyuma yake. Ndiyo maana kampuni nyingi zinaendesha Kafka na RabbitMQ kwa pamoja: moja kwa mkondo wa matukio, nyingine kwa foleni za kazi.

4.0 imeleta vikundi vya kushirikiana, kupitia pendekezo rasmi la Kafka liitwalo KIP-932. Wasomaji wengi wanagawana patisheni ileile, kila ujumbe unathibitishwa peke yake, ukishindikana unajaribiwa tena, majaribio yasizidi 5 kwa mpangilio wa kawaida. Hiyo ni foleni, haina jina lingine. Kwenye 4.0 ilikuwa ya kuonja tu, 4.1 ikaisogeza hatua nyingine mbele ila ilikuwa bado ya majaribio. Usiweke malipo ya watu kwenye matoleo hayo. Lakini kwa mara ya kwanza naona njia ya kupunguza mifumo miwili kuwa mmoja, na sidhani ingewezekana huku bado wanaikokota ZooKeeper.

Kuhusu Java 8 tutabishana hadi kesho. Mimi nasema mfumo wa uunganishaji ndio wa mwisho kustahili kubaki na Java ya zamani, maana ndio unaopokea uchafu wa kila mtu kutoka nje.

DadaSeva

Hilo la kupokea uchafu kutoka nje nalikazia kwa mfano, maana Machi ya mwaka huu Camel ilitupa somo ambalo naona wengi walilipita.

CVE-2025-27636 (hizi CVE ni namba za kusajili mashimo ya usalama). Iko hivi. Ndani ya Camel, heda za ujumbe (lebo zinazosafiri nao) zinabeba maagizo. Ukiwa na njia inayopokea ombi la HTTP kisha inaita bini (kipande cha msimbo) ya Java, heda iitwayo `CamelBeanMethodName` inaweza kuchagua mbinu gani iitwe. Bila shaka mtu wa nje hatakiwi kuituma, kwa hiyo kuna kichujio kinachozuia heda zinazoanza na `Camel`, `camel` au `org.apache.camel.`. Umeona shimo? Mtu anatuma `CAmelBeanMethodName`, A ikiwa kubwa. Kichujio kinalinganisha herufi kwa herufi, hakiitambui, kinaipitisha. Ikifika ndani, Camel haijali herufi kubwa wala ndogo kwenye majina ya heda, inaisoma kama ileile iliyokatazwa. Kama njia yako inatumia kijenzi cha `exec`, kwa ujanja huohuo mtu anabadilisha hata amri inayoendeshwa kwenye seva.

Mlango na chumba vilikuwa na sheria mbili tofauti za kusoma jina lilelile. Haikuchukua muda ikaonekana vigezo vya kwenye anwani ya ombi navyo vinapitisha mchezo huo, ikawa CVE-2025-29891. Marekebisho yapo kwenye 4.10.2, 4.8.5 na 3.22.4. Kisha Undertow, kijenzi kingine cha kupokea maombi ya HTTP, ikahitaji kiraka chake, 4.10.3 na 4.8.6.

Sasa ndugu yangu @Kiraka, aliyekuwa kwenye 4.8 au 4.10 alibadilisha namba moja kwenye faili akaenda kula. Aliyebaki kwenye Camel 2 kwa sababu "inafanya kazi vizuri kabisa" alibaki kuandika `removeHeaders` (agizo la kufuta heda) mwanzoni mwa kila njia kwa mkono.

Kiraka

Hapo umenigusa pabaya dada. Ya `removeHeaders` naijua.

Mzee wa Foleni

@DadaSeva umemaliza. Niongeze machache ya Camel kisha tuhame. Mwaka huu kulikuwa na matoleo mawili ya kuhudumiwa kwa muda mrefu, 4.10 ya Februari na 4.14 ya Agosti. Kila moja linahudumiwa mwaka mmoja hivi, kwa hiyo mwenye kupanga apange kuhama walau mara moja kwa mwaka, iwe sehemu ya kazi kama kufanya bakapu. Camel JBang imekomaa: unaandika faili moja la YAML, unapiga `camel run`, njia inatembea bila kujenga mradi mzima wa Maven. Kwa kumwonyesha mteja wazo asubuhi hiyohiyo, hakuna kinachoifikia. Na Kaoto, ya kuchora njia kwa kuburuta visanduku, imefika mahali naweza kumwachia mtu asiye wa Java bila kumsimamia.

Za akili mnemba sina mengi. Camel ina viunganishi vya LangChain4j (maktaba ya Java ya kuzungumza na modeli) na kila mtu anataka kuweka modeli katikati ya njia. Wekeni, ila muda wa kusubiri jibu uwe na kikomo.

mtu_wa_maabara

Wakuu, nimesoma hadi hapa. Mleta mada aliuliza nani anaweza kuifunga programu kesho asubuhi. Sisi wa mifumo ya hospitali hatuna haja ya kuuliza, yametukuta.

Kwa msiojua, mifumo ya hospitali inazungumza HL7 toleo la 2. Ni maandishi yaliyotenganishwa kwa vistari wima (|): mstari wa MSH unasema ujumbe umetoka wapi na unatumia alama gani kutenganisha vipande, PID ni mgonjwa, OBX ni majibu ya vipimo. Kimsingi ni kiwango kimoja, kiuhalisia kila mashine ina lahaja yake. Moja inaweka tarehe ya kuzaliwa bila saa, nyingine na saa, ya tatu inaacha wazi. Kwa miaka mingi aliyekuwa anatupatanisha ni Mirth Connect. Bure, chanzo huria, leseni ya MPL. Chaneli moja kwa kila mashine, JavaScript kidogo ya kurekebisha PID, kazi imeisha.

Machi 2025 wenye nayo, NextGen Healthcare, wakatangaza kwamba kuanzia 4.6 itakuwa ya kibiashara tu. 4.5.2 ndiyo ya mwisho iliyo huru. Hawakuvunja sheria yoyote, jina ni lao na hakimiliki ni yao. Lakini fikiria una chaneli mia, na kiraka cha usalama kijacho kitatoka upande wa kulipia. Na viraka si nadharia: CVE-2023-43208 ya Mirth hiyohiyo ilimruhusu mtu asiye hata na nywila kuendesha amri kwenye seva.

Kilichotuokoa ni leseni. MPL haiwezi kunyang'anya kilichokwishatolewa. Jamii ikachukua msimbo wa 4.5.2 na kuanzisha Open Integration Engine, na kampuni ya Innovar ina tawi lake (nakala inayoendelezwa kivyake), BridgeLink. Chaneli zetu tulizihamishia kwenye tawi bila kuandika upya. Lakini niseme kweli, kupata tawi ni hatua ya kwanza tu. Sasa tunaangalia nani anaunganisha michango, nani anasaini matoleo, na ukiripoti shimo la usalama unamwandikia nani.

chai_ya_rangi

Huu mchango uwekwe juu kabisa ya uzi.

Mzee wa Foleni

@mtu_wa_maabara asante sana. Wanaokumbuka Talend Open Studio wanaijua njia hiyo. Qlik waliinunua Talend mwaka 2023, na Januari 31, 2024 toleo la bure likazikwa. Watu walikuwa na mamia ya kazi za kuhamisha data humo.

Kwa hiyo nikipewa programu mpya ya kuunganisha, kabla sijafungua ukurasa wa sifa zake naangalia vitu viwili. Jina na hakimiliki viko kwa nani, kampuni au taasisi? Na ukitoa mchango wa msimbo, unasaini kumpa nani haki gani? Kampuni moja ikiwa na vyote, leseni ya leo ni ukarimu wa leo.

Kiraka

Sawa, lakini msijidanganye kwamba taasisi inatosha. Desemba 8 IBM wametangaza kuinunua Confluent kwa dola bilioni 11. Confluent ni kampuni ya waanzilishi wa Kafka. IBM haohao walishainunua Red Hat 2019 kwa dola bilioni 34, na Red Hat nao walishainunua FuseSource 2012, nyumbani kwa watu wa Camel na ActiveMQ. webMethods na StreamSets, nazo za kuunganisha mifumo, IBM walizichukua kutoka Software AG mwaka 2024. Ukijumlisha, sehemu kubwa ya wanaolipwa kuandika programu tunazozisifia humu watakuwa chini ya paa moja, paa ambalo pia linauza bidhaa za kulipia za kazi ileile. Mwambieni mtu wenu wa fedha kwamba hilo halina maana.

Mzee wa Foleni

Hapa nakubaliana na wewe zaidi ya unavyodhani. Apache, taasisi inayomiliki majina ya Kafka na Camel, inailinda leseni na jina. IBM haiwezi kuamka na kusema Kafka ni ya kulipia, maana haikununua Kafka, ilichokubaliana kununua ni kampuni inayoajiri watu wa Kafka. Lakini Apache hailipi mishahara. Waajiri wakiwahamishia watu kazi nyingine, mradi hautafungwa, utapungua kasi. Viraka vitachelewa, mapitio ya michango yatakaa wiki badala ya siku. Hiyo ndiyo hatari ninayoiona, na haina tangazo la kukuamsha.

Ninachofanya mimi ni kuangalia wanaounganisha msimbo wanatoka kwa waajiri wangapi. Kafka iko vizuri kwa hilo, kampuni nyingi kubwa zina watu wao humo. Camel imeegemea upande mmoja kwa muda mrefu. Naipenda, nitaendelea nayo, lakini siwezi kusema sioni.

Jambo lingine watu wanalichanganya kila siku. Schema Registry ya Confluent (daftari la miundo ya ujumbe) na ksqlDB (ya kuuliza mkondo kwa SQL) haziko chini ya Apache. Tangu Desemba 2018 ziko kwenye leseni ya jamii ya Confluent, ambayo inakuzuia kuziuza kama huduma inayoshindana nao. Msimbo unaonekana, ila si chanzo huria. Nimeona michoro ya mifumo imeandikwa "huria asilimia mia" na Schema Registry imekaa katikati. Mnaotaka iliyo huru kweli, Apicurio Registry ipo, na Karapace ya Aiven ipo, na zote zinaelewa maombi yaleyale ya Schema Registry, kwa hiyo kuhama kwake si adhabu.

DadaSeva

Na wale wanaouza kwenye soko la Ulaya wasisahau sheria yao ya usalama wa bidhaa za kidijitali. Iliingia kwenye vitabu vya sheria Desemba 2024, ila utekelezaji unakuja kwa hatua. Wajibu wa kuripoti mashimo yanayotumiwa na wahalifu unaanza Septemba 11, 2026, na sheria yote Desemba 11, 2027. Mzigo mkubwa uko kwa anayeuza bidhaa, si kwa mtu anayejitolea kuandika msimbo jioni. Taasisi kama Apache zimepewa nafasi yao, ya walezi wa chanzo huria, na wajibu wao ni mwepesi zaidi. Maana yake ukifungasha Camel ndani ya bidhaa yako na kuiuza huko, ya Camel ni yako kuyajibu.

foleni_ya_pili

Habari wakuu, mimi mgeni kidogo. Tuko RabbitMQ 3.13 na bosi anataka 4. Kuna wa kunitisha au kunitia moyo?

DadaSeva

Karibu mdogo wangu. 4.0 ya Septemba 2024 iliondoa foleni za kuakisiwa zile za zamani (zilizonakiliwa kwenye seva kadhaa). Kama bado unazo, hamia foleni za akidi (quorum queues, ambazo nakala zake hukubaliana kwa wingi) kwanza ukiwa bado 3.13, zipo tangu 3.8 na ziko imara. Hilo liko kwenye maelezo ya toleo na kila mtu analisema.

Ambalo halisemwi sana ni hili: kuanzia 4.0 foleni za akidi zina kikomo cha kurudisha ujumbe, 20 kwa mpangilio wa kawaida. Kama una programu inayokataa ujumbe na kuurudisha kwenye foleni, ikisubiri mfumo wa upande wa pili uamke, ujumbe ukivuka kikomo unaondolewa. Kama hujaweka sehemu ya kupokelea ujumbe uliokufa, yaani ulioshindikana (`dead-letter-exchange`), unapotea moja kwa moja, na programu yako haitapiga kelele maana kwake kila kitu kimeenda sawa.

foleni_ya_pili

Aisee. Tunazo mbili za namna hiyo, zote za malipo. Naweza kukizima hicho kikomo?

DadaSeva

Unaweza, kwa sera yenye `delivery-limit` ya -1. Ila usianzie hapo, utarudi kwenye ujumbe mmoja mbovu unaozunguka usiku kucha na kula prosesa. Weka sera ya `dead-letter-exchange` kwenye foleni zote mbili sasa hivi, ukiwa bado 3.13, ifungie foleni ya kupokea vilivyokufa, kisha weka tahadhari ikulilie foleni hiyo ikiwa na hata ujumbe mmoja. Iache itembee wiki moja uone kinachoangukia humo. Kuna uwezekano mkubwa ukakuta kitu ambacho hakihusiani kabisa na toleo la 4.

foleni_ya_pili

Nimeelewa dada. Jumatatu naanza na hizo za malipo.